Sotoka ya kondoo inavyohujumu kinga ya wanakondoo

MWANAKONDOO anapoanza kutokwa na makamasi, macho yakajaa tongo na kuhara kukafuata, mfugaji hudhani maradhi yameingia siku hiyo. Kumbe virusi vimekuwa mwilini kwa siku kadhaa, vikivunja kinga kimyakimya.

Maradhi hayo ni sotoka ya mbuzi na kondoo, maarufu kama PPR. Yalielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1942 nchini Cote d'Ivoire. Hapa Kenya yalithibitishwa mwaka wa 2006 wilayani Turkana, kisha yakaenea katika maeneo mengine ya wafugaji.

Virusi vyake, ambavyo ni vya ukoo mmoja na vile vya surua, huvutwa puani pamoja na hewa. Ajabu ni kwamba hutangulia kuvamia zile zile chembechembe za kinga zilizopaswa kuvizuia. Juu ya chembe hizo mna protini ambayo virusi huishika, vikapenya ndani. Chembe zilizoambukizwa huvibeba hadi kwenye tezi za kinga, ambako huzaana kwa wingi kabla ya kusambazwa na damu.

Chembe nyeupe za damu hufa na idadi yake kushuka. Hapo ndipo virusi hushambulia utando wa mdomo, matumbo na mapafu. Bakteria waliokuwa wakiishi puani bila madhara nao hupata mwanya, wakaleta nimonia. Ndiyo sababu daktari wa mifugo hudunga dawa za kuua bakteria ingawa haziwezi kuua virusi: mara nyingi nimonia hiyo ndiyo inayomwua mnyama.

Mwanakondoo aliyenyonya dang'a ya mama mwenye kinga hulindwa kwa takriban miezi mitatu au minne. Lakini kinga hiyo hiyo huizima chanjo, kwa kuwa chanjo yenyewe ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Mfugaji anayelalamika kwamba chanjo "ilikataa" huenda alichanja mapema mno. Akingoja mno pia, mwanakondoo hubaki wazi kinga ya mama inapokwisha.

Mnyama aliyechanjwa ipasavyo baada ya miezi minne hukingwa kwa angalau miaka mitatu. Taabu ni wale wanaozaliwa baada ya wachanjaji kuondoka. Hao ndio huwa kuni za mlipuko unaofuata, na ndio wanaopaswa kufuatwa tena zizini iwapo lengo la kutokomeza PPR duniani kufikia mwaka wa 2030 litatimizwa.