Ushirika na Sadaka katika Ununuzi wa Chanjo

Neno chanjo latokana na kuchanja, na kwa asili lilikuwa na maana ya mkato utiwao dawa mwilini. Siku hizi maana yake imepanuka ikawa ni dawa yenyewe, yaani bidhaa iagizwayo, ilipiwayo na kugombewa. Maana hii ndiyo iliyotawala wakati wa maradhi ya korona.

Mpango wa COVAX, ulioanzishwa mwaka 2020 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Gavi na CEPI, haukukusudiwa kuwa wa sadaka. Ulikuwa ushirika hasa: nchi tajiri zilipe, maskini zilipiwe, na zote zipate mafungu yao katika shehena moja. Lengo lilikuwa dozi bilioni 2 kabla ya mwaka 2021 kwisha. Lakini mataifa yenye uwezo yalikwisha kufunga mikataba yao pembeni. Kanada iliagiza dozi za kuwatosha watu wake mara kadhaa. Ushirika ukajikuta nyuma ya safu.

Udhaifu wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa kukitegemea mno kiwanda kimoja, Serum Institute cha Pune. Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni 1 kutoka huko tarehe 3 Machi 2021. Mwezi huo huo India, ambayo wagonjwa wake walikuwa wakiongezeka, ilizuia chanjo zisitoke nchini. Si rahisi kuilaumu. Wengine walizuia wakiwa na akiba. Wakenya waliokwisha kuchanjwa mara ya kwanza wakaongezewa muda wa kungoja, kutoka wiki 8 hadi 12. Mwezi wa Juni Denmark, iliyokwisha kuacha kuitumia chanjo hiyo, ikawapa dozi zaidi ya 350,000.

Hapo ushirika uligeuka sadaka, na tofauti si ya maneno tu. Mshirika hudai fungu lake kwa tarehe. Mpokea sadaka hungoja ajaliwe. Mwezi wa Novemba 2021 COVAX yenyewe, pamoja na vyombo vya Afrika, ililalamika kwamba misaada mingi yaja bila taarifa na muda wake ukikaribia kwisha.

Wala uhasama wa mataifa peke yake hauelezi yote. Kazi ya kuondoa ndui duniani ilipendekezwa na Urusi ya Kisovieti mwaka 1958, na Marekani, hasimu wake, ikaja kuiunga mkono. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Lakini chanjo ya ndui ilikuwa rahisi kutengeneza, na kufikia miaka ya 1970 sehemu kubwa ya iliyotumika katika nchi zenye ndui ilitengenezwa huko huko.