Saa Mbili Juu ya Atlantiki: Kutoka Saint Helena Hadi Ascension

Saint Helena na Ascension ni visiwa viwili vya volkano katika Atlantiki ya Kusini, vyote vikiwa chini ya Uingereza. Kati ya viwanja vyao vya ndege kuna takriban kilomita 1,300 za bahari tupu.

Umbali huo haupimwi kwa rula juu ya ramani bapa, kwa kuwa dunia ni mviringo kama mpira. Hupimwa kama mtu anayekaza kamba juu ya tufe kutoka nukta moja hadi nyingine. Nyuzi moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111, na viwanja hivi vimeachana kwa nyuzi 11.7 hivi; ukizidisha, unapata 1,300.

Jeti ya abiria ikishatulia angani huenda kilomita 800 hivi kwa saa, hivyo kwa kugawanya tu safari ingemalizika kwa saa 1 na dakika 38. Lakini ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda, kisha hupunguza mwendo ili itue. Ukijumlisha hayo, safari hukaribia saa mbili. Saa ya mkononi haiguswi, maana visiwa vyote viwili hufuata saa za Greenwich. Anayetoka visiwani kwenda Johannesburg, Afrika Kusini, ndiye huisogeza mbele kwa saa mbili.

Kwa viwanja vya mbali namna hii, suala zito zaidi ni mafuta. Uwanja wa Saint Helena umejengwa juu ya jabali, kiasi cha mita 300 kutoka usawa wa bahari. Pepo za kusini-mashariki zikigonga jabali hilo huvurugika, na ndege inayoshuka hukuta upepo ukibadili kasi na mwelekeo ghafla. Hali hiyo ndiyo iliyochelewesha safari za kawaida za abiria hadi Oktoba 2017. Rubani akishindwa kutua, hana uwanja mwingine jirani wa kukimbilia. Ndiyo maana ndege ya kutoka Johannesburg kwenda Saint Helena imekuwa ikipitia Namibia kujaza mafuta, ili iweze kurudi bara ikibidi. Kituo hicho huongeza muda wa safari, na ni muda unaostahili kutumika.

Faida ya uwanja wa Saint Helena huonekana wazi zaidi kwa wagonjwa. Zamani, aliyehitaji matibabu yasiyopatikana katika hospitali ya kisiwa hicho, mjini Jamestown, alisubiri meli, kisha akakaa baharini takriban siku tano kabla ya kufika Cape Town. Leo ndege humfikisha Afrika Kusini kwa saa chache.

Hata hivyo, safari za abiria kati ya Saint Helena na Ascension kwa kawaida zimekuwa mara moja tu kwa mwezi. Anayeachwa na ndege hiyo ya safari ya saa mbili husubiri wiki kadhaa kupata nyingine.