Mlango wa dharura: nyuma yake pana nini, na kwa nini wengi wetu tunaufikia tumechelewa

Na Mwandishi Wetu

Neno "dharura" halikuzaliwa hospitalini. Limetujia kutoka Kiarabu, na mwanafunzi yeyote wa fiqhi analifahamu: ni hali ya mtu aliyekosa hiari, mfano wa yule ambaye njaa imemfikisha ukingoni mwa mauti, akaruhusiwa kula kilicho haramu kwa kadiri ya kuihifadhi nafsi yake. Leo neno hilo limeandikwa juu ya milango ya hospitali nyingi nchini Tanzania, na maana yake haikubadilika sana. Anayeingizwa katika mlango huo naye hana hiari, na kila kinachotendeka humo hupimwa kwa swali moja: je, nafsi hii itasalimika?

Pamoja na hayo, familia nyingi huufikia mlango huo bila kujua nyuma yake pana nini. Ndipo huzuka ugomvi kuhusu foleni, manung'uniko kuhusu malipo, na uchungu wa kudhani kwamba ndugu yao amedharauliwa. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Mengine hutokana na kutojua namna idara hizi zinavyofanya kazi.

Kutoka mapokezi hadi idara

Kabla ya mwaka 2010, hospitali zetu kubwa hazikuwa na idara kamili ya tiba ya dharura. Kulikuwa na chumba cha mapokezi. Mgonjwa mahututi alipokewa na tabibu aliyekuwa zamu, kisha akapelekwa wodini kumsubiri mtaalamu wa fani husika. Mwenye jeraha alikuwa wa madaktari wa upasuaji, mwenye homa kali alikuwa wa magonjwa ya ndani, na yule ambaye ugonjwa wake haujajulikana aliweza kukaa kwa saa nyingi bila kuwa wa mtu.

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilifungua Idara ya Magonjwa ya Dharura kwa ushirikiano wa Serikali na mfuko wa hisani wa kampuni ya Abbott. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo, na wa kwanza wao wakahitimu mwaka 2013. Kwa mara ya kwanza nchi ikawa na madaktari ambao ubingwa wao si wa kiungo kimoja cha mwili, bali ni wa saa za mwanzo za hatari, hata kabla ugonjwa haujapata jina.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tarehe 10 Agosti 2019, siku chache kabla ya Idd el-Hajj, lori la mafuta lilipopinduka eneo la Msamvu, Morogoro, na kulipuka moto. Watu zaidi ya 100 walifariki dunia. Majeruhi wengi wa moto walilazimika kuhamishiwa Muhimbili, safari ya kiasi cha kilomita 200. Somo lilikuwa zito: huduma ya dharura ikikusanyika katika jiji moja, mikoa mingine hubaki ikiomba barabara iwe nyeupe.

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye majengo ya huduma za dharura katika hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa, vyumba vya wagonjwa mahututi, mitambo ya oksijeni na magari ya wagonjwa. Ndiyo sababu msomaji wa Lindi, Singida au Kigoma huenda ameona jengo jipya lenye maandishi ya dharura katika miaka hii ya karibuni.

Lakini jengo peke yake si idara. Idara ni muuguzi aliye macho saa 9 usiku, ni oksijeni isiyokatika, damu iliyohifadhiwa, maabara inayotoa jibu upesi, na dawa zilizo kabatini badala ya kuandikwa kwenye karatasi ili ndugu akazitafute mtaani. Tofauti kubwa kati ya hospitali na hospitali iko hapo. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya msingi ya siku chache kwa wauguzi na matabibu wasio mabingwa, maana mgonjwa wa wilayani hawezi kungoja mpaka kila wilaya ipate bingwa wake.

Foleni isiyofuata zamu

Jambo la kwanza linalowaudhi watu ni utaratibu wa kuingia. Katika kliniki za kawaida, aliyetangulia hutangulia kuonwa. Katika idara ya dharura, muuguzi huwachambua wagonjwa mlangoni kwa uzito wa hali zao. Huhesabu pumzi, hupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto, na huangalia kama mgonjwa anaitika akiitwa. Kisha humpangia rangi. Mwekundu haruhusiwi kungoja hata kidogo. Wa manjano anaweza kungoja kwa muda mfupi huku akiangaliwa. Wa kijani yuko salama, japo anaumwa.

Kwa hiyo baba aliyefika alfajiri na mtoto aliyevunjika mkono anaweza kumwona mzee asiye na tone la damu akipitishwa mbele yake. Huo si upendeleo. Mkono uliovunjika, ikiwa vidole vina joto na rangi yake ya kawaida, unaweza kuvumilia. Moyo unaoshindwa kusukuma damu hauwezi. Wauguzi pia hujua jambo ambalo wazazi husahau: mtoto anayelia kwa nguvu angalau anapumua, ilhali yule aliyenyamaza na kulegea ndiye wa kuogopwa zaidi. Mzazi ambaye mtoto wake amebadilika akiwa kwenye benchi asione haya kurudi kwa muuguzi na kumwambia, kwani rangi ya mgonjwa huweza kubadilika akiwa anangoja.

Suala la sitara

Baada ya mlango, kazi hufuata mpangilio usiobadilika: kwanza njia ya hewa, pili upumuaji, tatu mzunguko wa damu, nne fahamu, na tano kuufunua mwili ili kutazama jeraha lililojificha. Hatua hii ya tano huwashtua watu wetu. Nguo hukatwa kwa mkasi, baibui na kanzu bila kubagua, na pengine mbele ya mhudumu asiye wa jinsia ya mgonjwa.

Ifahamike kwamba jeraha la kisu mgongoni au damu inayovujia chini ya nguo humuua mgonjwa ambaye kifuani anaonekana mzima. Fiqhi yetu imekwisha kulifungulia mlango jambo hili, kwa kuwa dharura huruhusu kilichokatazwa, na ruhusa hiyo hupimwa kwa kadiri ya haja yenyewe. Sharti hilo la pili nalo lina maana. Uchunguzi ukiisha, familia ina haki ya kuomba kwa upole shuka, pazia, au muuguzi wa kike awepo. Lisilofaa ni kuzuia uchunguzi wenyewe.

Historia yetu wenyewe inalithibitisha hilo. Katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa kwa mshale, aliwekwa katika hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na wapokezi wa sira wanamtaja Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke, kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi katika hema hilo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga mjini Cairo hospitali ya wakfu iliyopokea wagonjwa bila malipo, matajiri kwa maskini.

Kuchelewa kwa aina tatu

Wataalamu wa afya ya uzazi, tangu miaka ya 1990, wamekuwa wakieleza vifo vya akina mama kwa kutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hesabu hiyo inafaa kwa kila mgonjwa wa dharura.

Majengo mapya yanashughulikia ucheleweshaji wa tatu. Humo ndimo pia lilimo tatizo la malipo. Sera ya nchi inawasamehe gharama wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hata hivyo, hofu ya kudaiwa bado huwafanya wengi wabaki nyumbani. Fomu ya polisi ya majeruhi, maarufu kwa jina la PF3, nayo huwachelewesha watu. Fomu hiyo ni ya ushahidi. Anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja aende kituoni kuifuatilia.

Ucheleweshaji wa pili ni wa njia. Hapa kuna hatua ya kupongezwa: mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito, mzazi aliyejifungua au ndugu wa mtoto mchanga kupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, hutumwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa na mfumo. Takwimu za taifa zinaonesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Wagonjwa wengine, aghalabu, bado hutegemea bajaji, bodaboda au hisani ya jirani mwenye gari.

Ucheleweshaji wa kwanza hauwezi kuondolewa na Serikali wala mkopo wowote. Huo uko sebuleni mwetu. Ni mke anayetoka damu huku wifi na mashemeji wakimtafuta mume kwa simu ili atoe idhini. Ni kijana aliyeanguka kifafa, akapelekwa kwa mganga kwanza. Ni mzee aliyepooza upande mmoja alasiri, familia ikasema na tungoje kukuche. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria ya Kiislamu, na mume mwenye kumcha Mwenyezi Mungu hutoa idhini hiyo mapema, mimba ingali changa, akaitamka mbele ya watu wa nyumbani ili siku ikifika asisubiriwe mtu.

Yaliyo mikononi mwetu

Kila nyumba ijue ni hospitali gani ya karibu inayopokea wagonjwa usiku. Kadi ya bima, kadi ya kliniki na majina ya dawa anazotumia mgonjwa viwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote. Jeraha linalovuja likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida ya bomba kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno wala unga. Mwenye kifafa asitiwe kijiko kinywani. Alazwe ubavu na aondolewe vitu vya kumdhuru.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, hata kombe, hata maji ya Zamzam, kwa sababu kimiminika humwingia mapafuni na kumziba pumzi. Asomewe Qur'ani njiani kuelekea hospitali. Kisomo hakizuii safari, wala safari haizuii kisomo.

Misikiti nayo ina nafasi yake. Kamati inaweza kuweka mfuko mdogo wa nauli na matibabu ya dharura, kuandika ukutani namba za madereva wawili walio tayari usiku, kuialika timu ya Damu Salama baada ya sala ya Ijumaa, na kumwomba muuguzi mmoja muumini awafundishe walimu wa madrasa huduma ya kwanza. Wanazuoni wamefundisha kwamba anayeswali akimwona mtu anazama hukata swala yake akamwokoe. Ikiwa swala yenyewe hukatwa, hakuna kikao cha familia kisichoweza kukatishwa.

Kila anayehesabiwa kufa mlangoni mwa idara ya dharura ana saa zake alizozipoteza kabla ya kufika. Nyingine alizipoteza barabarani, na nyingine alizipoteza nyumbani, akiwa amezungukwa na watu waliompenda. Qur'ani, katika Suratul Maidah aya ya 32, imeifananisha kazi ya kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowahi.