Mbwa wa Nyumbani Kwetu

Huenda nyumbani kwenu mna mbwa. Kama hamna, bila shaka jirani yenu anaye. Mbwa hulinda nyumba usiku, hufuatana na wachungaji malishoni, na watoto wengi hupenda kucheza naye.

Mbwa hawezi kusema, lakini mwili wake huonyesha hali yake. Mtazame akiwa ametulia: mdomo umelegea na mkia unatikisika pamoja na kiuno. Akiogopa, hufyata mkia, hulaza masikio nyuma na kugeuza uso. Hapo anataka aachwe. Asipoachwa, mwili hukakamaa, macho hukodoka, hunguruma na kuonyesha meno. Baada ya hapo huuma. Watu husema kwamba mbwa atikisaye mkia amefurahi, lakini si kila mara. Mkia uliosimama wima na kutikisika haraka, huku mwili umekakamaa, ni onyo.

Watoto wengi huumwa na mbwa wanaomfahamu, wala si mbwa koko. Kwa hiyo usimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa, hata akiwa mpole namna gani. Ukijiwa na mbwa usiyemjua, usikimbie, kwani mbwa hufukuza kikimbiacho. Simama kimya kama mti, mikono ubavuni, wala usimkazie macho. Na baada ya kucheza na mbwa au paka nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu mayai ya minyoo yao huweza kuwa katika manyoya na udongo.

Sasa tuangalie ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa. Huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia mwilini mwa mtu kwa njia ya jeraha. Kutoka hapo husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Jeraha hupona, na mtoto hucheza kama kawaida. Lakini virusi vikifika kwenye ubongo na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Muda wa safari hiyo ndio unaotuwezesha kumwokoa mtu. Mwaka 1885, huko Paris, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo hakuugua. Aliishi hadi mwaka 1940. Wazee wengine husimulia habari za sindano nyingi za tumboni. Siku hizi chanjo hudungwa mkononi, na sindano zenyewe ni chache.

Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Sabuni huharibu utando wa mafuta unaovizunguka virusi. Usitie majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na anaonekana mzima, kwani mate yake huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Hata mkwaruzo mdogo usiudharau.

Baadhi ya watoto huficha jeraha. Huogopa kuchapwa kwa kuwa walimchokoza mbwa, au walikwenda mahali walikokatazwa. Mwambie mama, baba, bibi au mwalimu wako, hata kama kosa ni lako. Virusi havingoji hasira za wakubwa zitulie.

Mbwa na paka huchanjwa na bwana mifugo, na chanjo hiyo hurudiwa.

Zoezi: Waulize wazazi wako mbwa wenu, au wa jirani, alichanjwa lini mara ya mwisho. Andika tarehe hiyo katika daftari lako la sayansi.