Antena ya Juu ya Paa Haitashusha Bei ya Mega

Tangu ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Kongo, ilipotangaza Mei 2025 kwamba Starlink imepewa leseni, swali moja linarudiwa Likasi kila panapouzwa yuniti: kama intaneti ya satelaiti imeruhusiwa, mbona mega hazishuki bei? Wanaouliza wanastahili jibu la wazi, na jibu ni kwamba swali lenyewe limekosewa. Linadhani kila anayeuza intaneti anashindana na kila muuzaji mwingine wa intaneti. Lakini ushindani hushusha bei pale tu mnunuzi yuleyule anapoweza kuiacha bidhaa hii akachukua ile. Mama anayeuza unga Kikula hutumia mega akiwa barabarani, sokoni na kanisani, na huzinunua kidogokidogo kadiri mauzo ya siku yanavyoruhusu. Antena ya Starlink hugharimu mamia ya dola kabla ya malipo ya mwezi, inahitaji mahali pasipo na kizuizi kati yake na anga, inakula umeme, na Wi-Fi yake haivuki nyumba chache za jirani. Akitoka uani tu, mama huyu amerudi kwenye minara ya Vodacom, Airtel, Orange au Africell, na kampuni hizo zinalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Wapo wanaotaja Kenya, na ni haki kuwajibu. Starlink ilianza kazi huko Julai 2023, na mwaka 2024 ikaleta kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 pamoja na mpango wa kukodi antena. Septemba mwaka huohuo Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba vya nyumbani bila kupandisha bei. Hapo ushindani ulifanya kazi, tena haraka. Ila tazama ulifanya kazi wapi: kwenye faiba ya nyumbani, kwa mteja mwenye ukuta, umeme na malipo ya kila mwezi, yaani mteja ambaye kweli angeweza kuhama. Kisha tazama kilichofuata. Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Lusaka nayo ilipatwa na hali hiyohiyo. Satelaiti hizi huruka kilomita mia kadhaa juu yetu na hugawa data kwa eneo zima kwa pamoja, kwa hiyo wateja wanapoongezeka mahali pamoja kila mmoja hupungukiwa. Teknolojia hii ina nguvu zaidi pale watu walipo wachache, kama kijijini, kambi ya mgodi au kituo cha afya kilicho mbali na lami. Mji wenye watu waliosongamana ndio mahali pake pagumu.

Wengine husema mtu mmoja anunue antena awagawie mtaa mzima kwa vocha za Wi-Fi za saa. Mkataba wa kifurushi cha nyumbani unakataza kuiuza huduma tena, na anayetaka kufanya biashara hiyo anapaswa kwanza kufuata masharti ya ARPTC. Hata pasingekuwa na katazo, hesabu haibadiliki: kasi ya antena moja ikigawanywa kwa watu 40 jioni, kila mtu anabaki na makombo. Hoja ya tatu ni ya simu kuunganishwa na satelaiti moja kwa moja bila antena. Huduma hiyo ipo, lakini New Zealand na Marekani ilianza na ujumbe mfupi wa maandishi. Na barani kwetu Starlink imeungana na nani? Airtel Africa ilitia saini mkataba na SpaceX, kampuni yenye Starlink, Mei 2025; Vodacom Group ikafuata Novemba. Aliyetarajiwa kuwa mpinzani wa kampuni za simu ameingia mlangoni mwao kama mshirika.

Bei ya mega Likasi inabebwa na mambo mengine. Data husafiri mbali: kebo ya bahari ya WACS iliyozinduliwa Muanda mwaka 2013 iko zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na njia nyingine ya Katanga hupita Zambia. Minara inahitaji dizeli au sola pale SNEL, shirika la umeme, inapokata umeme. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na ushuru mwingine unaongezwa juu yake. Tusisahau RAM, tozo iliyokatwa kwenye yuniti za wananchi tangu Septemba 2020, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, mpaka kelele za umma zikaiondoa mwaka 2022. Halafu kuna kamba isiyoonekana: pesa ya simu. Mwenye akiba na wateja ndani ya M-Pesa au Airtel Money habadilishi laini kwa sababu ya mega 100 za nyongeza, na kampuni isiyoogopa kukimbiwa haina haraka ya kupunguza bei.

Basi ufanye nini? Mwenye simu pekee: weka laini mbili, linganisha bei ya mega moja badala ya jina la kifurushi, na zima upakuaji wa video wa WhatsApp unaojiendesha wenyewe. Ofisi au shule: uliza faiba kwanza, kisha ndipo ufikirie antena. Ukichukua antena, piga hesabu ya umeme: ya kawaida inakula wati 75 hadi 100, ile ndogo 25 hadi 40; betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa hadi nusu tu, itaibeba ya kawaida kwa saa sita hivi. Usinunue iliyosajiliwa Zambia na kuvushwa Kasumbalesa: kampuni huruhusu matumizi nje ya nchi ya usajili kwa muda mfupi tu, na ikikatwa utabaki na sahani tupu.

Anayetaka mega za bei nafuu aache kutazama juu ya paa. Aidai ARPTC na wabunge wake kodi ndogo kwenye data, njia za faiba zilizo wazi kwa kila kampuni, na haki ya kuhama mtandao na namba yake pamoja na pesa yake. Huko ndiko bei inakoamuliwa.