Kiangazi cha Pwani, cha Mlima na cha Nyika: Jinsi ya Kuusoma Utabiri wa Msimu

Mvua za vuli zinapoelekea ukingoni mwezi Desemba, kila kaya katika wilaya yetu ya Mkinga huwa na maswali yake. Mkulima wa mwani huwaza joto la maji, mkulima wa iliki huwaza ukungu wa mlimani, na mfugaji huwaza lambo. Wote husikiliza taarifa ile ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo huutaja mkoa wa Tanga kwa ujumla wake. Lakini kiangazi kinachotajwa kwa neno moja redioni hakifiki Moa, Kigongoi na Mwakijembe kwa sura moja. Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hiyo, na jinsi mkazi anavyoweza kuipima taarifa ya msimu kabla hajaitoa mbegu ghalani.

Kwa nini kiangazi kina sura tatu

Kuanzia Desemba hadi Februari, upepo unaotawala ni kaskazi. Wakati huo ukanda mkuu wa mvua huwa umeshuka kusini, hivyo mvua kwetu hupungua. Jua nalo hurudi kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Machi hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Ndiyo maana Februari na Machi ni miezi ya joto kali kuliko Julai.

Pwani, joto la mchana hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Bahari huzuia joto lisipande zaidi ya hapo, lakini huujaza hewani unyevu, na jasho halikauki upesi. Kwa hiyo mwili huchoka hata pale kipimajoto kinapoonyesha nyuzi za kawaida. Maji ya kina kifupi hupata joto kali wakati wa maji kupwa, na mwani unaolimwa humo huweza kunyauka na kukatika.

Mlimani, hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Upepo wa baharini unapokutana na miteremko ya Usambara Mashariki hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Hivyo kata za milimani huweza kupata manyunyu hata katikati ya kiangazi, na misitu huendelea kulisha vijito.

Nyika ya kaskazini-magharibi hubaki na kiasi kidogo cha neema hiyo. Pepo za kusi, zinazoandamana na masika, hushusha sehemu kubwa ya mvua yake kwenye miteremko inayotazama bahari. Hewa inayovuka milima hufika upande wa pili ikiwa kavu. Kwa wakazi wa huko, Mto Umba, unaotoka Usambara Magharibi, ni tegemeo kubwa. Maji yake hutegemea mvua na misitu ya mbali kuliko mawingu wanayoyaona juu yao.

Maana ya neno "wastani"

Hapa ndipo wengi hupotea. Utabiri unaposema mvua zitakuwa za wastani, hausemi kwamba zitatosha. Wastani ni kipimo cha mahali penyewe, kilichokokotolewa kwa kumbukumbu za miaka mingi, kwa kawaida 30. Mamlaka huhesabu kuwa ni wastani mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kipimo hicho. Tuchukue mfano: ikiwa wastani wa msimu mahali fulani ni milimita 300, basi milimita 225 na milimita 375 zote huitwa wastani. Kwa mkulima wa mahindi, tofauti ya viwango hivyo viwili huweza kuwa tofauti ya mavuno na njaa.

Tena, jumla ya mvua haielezi mtawanyiko wake. Mvua kubwa ya siku tatu ikifuatiwa na wiki tatu za jua huweza kuitimiza jumla ya msimu huku mimea ikikauka. Kwa hiyo msomaji atafute pia tarehe zinazotarajiwa za kuanza na kuisha kwa mvua, na maelezo kuhusu vipindi virefu vya ukavu.

Jambo la tatu ni uwezekano. Utabiri wa msimu hautoi ahadi. Uwezekano wa asilimia 60 wa mvua chini ya wastani maana yake ni kwamba katika misimu 10 yenye dalili kama hizo, takriban 6 huwa na upungufu, na 4 huwa vinginevyo. Dalili hizo husomwa baharini. Bahari ya Hindi ya upande wetu inapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na El Niño inapotokea katika Bahari ya Pasifiki, vuli huelekea kuwa nyingi. La Niña huelekea kuleta ukame. Mwaka 1997 dalili zote mbili za mvua nyingi zilikutana, na mvua zikaendelea hadi miezi ambayo kwa desturi ni ya kiangazi.

Hatua za kuchukua

Wakazi wa pwani wapange kazi nzito asubuhi na jioni, na wawaangalie wazee na watoto wachanga mchana. Wakulima wa mwani wavune mapema au wahamishie kamba kwenye maji yenye kina zaidi. Wavuvi wasitoke kabla ya kusikiliza taarifa ya bahari. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu zinazopanda kwa hatari.

Wakazi wa milimani wasiandae mashamba kwa moto, na wasikate miti kandokando ya vyanzo vya maji. Moto wa kiangazi hupanda mteremko upesi kuliko mtu anavyokimbia, na kijito kinachokauka juu humkausha pia aliye chini.

Wakazi wa nyika wasafishe malambo kabla ya masika, wapunguze mifugo mapema ingali na afya na bei, na wasimwage mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Mtama, kunde na muhogo vipewe nafasi kando ya mahindi.

Mahindi ya vuli yakaushwe vizuri juani juu ya turubai, yasigusane na udongo, ili kuepuka sumukuvu.

Taarifa ya msimu hutolewa miezi kabla, kwa hiyo ifuatiliwe pia ya mwezi na ya siku kumi, ambazo hukaribia zaidi ukweli wa shambani. Anayeona ugumu kuzielewa amwone afisa ugani wa kata yake, na amwulize swali moja la msingi: taarifa hii inamaanisha nini kwa kijiji chetu?