Toka Ifakara Mpaka Iringa kwa Ndege

Mtu atokaye Ifakara kwenda Iringa kwa gari hupita hapa kwetu Mkula, chini ya Udzungwa, akafika Kidatu na Mikumi, kisha akageuka upande wa magharibi, akapita Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga. Njia hiyo yakaribia kilometa 300. Lakini Iringa yenyewe haiko mbali hivyo. Iko ng'ambo ya mlima huu tuuonao kila asubuhi. Mlima ndio unaotuzungusha.

Je, ndege ingekwenda umbali gani? Hesabu hii yawezekana darasani. Ifakara iko latitudo digrii 8 na dakika 8 kusini, longitudo digrii 36 na dakika 41 mashariki. Kiwanja cha Nduli, Iringa, kiko digrii 7 na dakika 40 kusini, digrii 35 na dakika 45 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 28, na kila dakika ni maili moja ya baharini, yaani kilometa 1.852; hizo ni kilometa 52. Tofauti ya longitudo ni dakika 56, ambazo kwa sehemu zetu ni kilometa 103. Sasa tumieni kanuni ya Pythagoras, nanyi mtapata kilometa 115.

Ndege ndogo ya injini moja huenda kama kilometa 240 kwa saa. Kwa hiyo mwanafunzi mwepesi atajibu: dakika 29. Hesabu yake ni sahihi, ila rubani hatakubali.

Ifakara iko bondeni, na kilele cha Luhombero katika Udzungwa kina mita 2,576, yaani futi 8,450 hivi. Rubani atakaye nafasi ya usalama juu ya milima hupanda mpaka futi 10,500. Kama ndege yapanda futi 600 kwa dakika, kupanda peke yake ni dakika 16, na wakati huo mwendo wake ni mdogo. Tena hawezi kuuelekea mlima akingali chini. Huenda akazunguka juu ya mashamba ya mpunga kwanza. Ongezeni na kushuka Nduli, mtaona dakika 40 ni jibu la haki zaidi.

Upepo nao una neno lake. Upepo wa kilometa 40 kwa saa ukisukuma kutoka nyuma, ndege iliyokwisha panda hufanya kilometa 280, na njia nzima ingekuwa dakika 25. Ukiikabili usoni wakati wa kurudi, ni kilometa 200 tu, dakika 35 hivi.

Kwa msafiri wa kawaida dakika kumi si kitu. Kwa mgonjwa anayehitaji kuhamishwa upesi ni jambo kubwa, na mafuta ya akiba hupimwa kwa dakika hizo hizo. Masika mawingu hufunika Udzungwa, na rubani asiyeona mlima lazima azunguke au angoje chini. Siku kama hiyo gari lililoondoka alfajiri laweza kufika kwanza.

Kuondoka Nduli kuna shida yake pia. Kiwanja kile kiko futi 4,678 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, hasa jua la mchana likiwaka. Injini hupungua nguvu, mabawa hushika hewa kidogo, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Ndiyo sababu marubani wa ndege ndogo hupenda kuondoka huko asubuhi.